DENI LA SIRI NDANI YA NYUMBA TULIPIGE VITA

Kutoka kwa Katibu wa Tawi, kwa wanaushirika wote, wake kwa waume. Anayejua kusoma amsomee asiyejua.

Ndugu wanaushirika,

Jumamosi ijayo baada ya sala ya alasiri tuna mkutano hapa hapa penye ghala. Katika mambo ya kujadiliwa limo pendekezo langu, nalo ni hili: mwanachama mwenye mume au mke asipewe mkopo wa ushirika mpaka mwenziwe ajulishwe, na atie saini au dole gumba kuwa amejua.

Tokea pendekezo hili lijulikane, barazani hakukaliki. Wanaume wanasema Katibu anataka tukawaombe ruhusa wake zetu. Wanawake wanasema Katibu anawatafutia wanaume njia ya kuzifikia fedha zetu za mwani. Basi nimelaumiwa pande zote mbili. Ndiyo maana nnaandika, ili nisomwe kabla sijahukumiwa.

Naanza na nyumba yangu mwenyewe, maana anayefagia uwanja wa watu na kwake kuchafu huchekwa.

Miaka minne iliyopita nilikuwa nikimwoza mwanangu. Nilikuwa na mikarafuu sita niliyoachiwa na marehemu baba. Nikaikodisha kwa misimu mitatu, nikapewa shilingi 400,000. Mke wangu sikumwambia. Nilijiona mwanamme, mambo ya shamba ni yangu. Kumbe mwenzangu naye kakopa 250,000 kwenye kikundi chao, kwa kanga za sare na vyombo vya harusi ile ile. Naye hakuniambia, alichelea nitagomba. Dukani nako daftari likasoma 180,000 za mchele, mafuta na sukari. Kila mmoja wetu alidhani mwenziwe ndiye anayelipunguza.

Harusi ilikwisha kwa siku tatu. Madeni tulikaa nayo miaka mitatu. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Siye tulisikia, lakini tulidhani wanasemwa wengine.

Msimu wa pili mikarafuu ikazaa. Kijiji kizima kilinukia, majamvi yalitandikwa mpaka njiani. Mimi niliingia dago nikachuma mikarafuu ya baba yangu kwa kulipwa kwa pishi, kama mgeni. Mke wangu alijua siku hiyo, pale pale chini ya miti, mbele za watu. Hakusema kitu. Alichambua karafuu mpaka magharibi. Tuliporudi nyumbani ndipo naye akatoa la kwake.

Usiku ule nilichukua daftari langu la darasa la watu wazima. Mimi kalamu nimeishika ukubwani, wengi wenu mnajua. Kabla ya hapo madeni niliyaweka kichwani, na kichwa ni daftari bovu: hukumbuka unachodai, husahau unachodaiwa. Tukaandika yote, langu na lake. Kisha nikafanya hesabu ya mikarafuu. Kilo nikaipigia 10,000 ili hesabu iwe nyepesi. Kwa misimu mitatu miti ile ilitoa kilo 80 kavu, yaani 800,000. Toa 200,000 za kuchuma na kuanika, zinabaki 600,000. Mimi nilipokea 400,000. Nimepoteza 200,000 kwa kuona haya kumwambia mke wangu kuwa fedha sina. Aliyekodi hakunidhulumu. Nilikubali mwenyewe. Lakini lau ningesema nyumbani, mwenzangu angesema tufanye harusi ndogo, na miti ingebaki yetu.

Wapo watakaosema hayo ni ya Katibu na mkewe. Hapana ndugu, haya ni ya kisiwa hiki, na ni ya zamani. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika zaidi. Tokea hapo kisiwa chetu ndicho chenye karafuu nyingi. Na palipo na karafuu mkopeshaji hakosekani. Enzi zile mwenye shamba akitaka fedha alikwenda mjini akaliuza kwa bei ya khiyari. Maana yake ni hii: shamba limeuzwa, ila ana khiyari ya kulikomboa akirudisha fedha katika muda waliopatana. Akabaki humo humo shambani, sasa analipa kodi katika shamba lake mwenyewe. Msimu ukiwa mbaya hakomboi, na shamba linakwenda. Mambo yalifika hadi mwaka 1934, chini ya Mwingereza, Serikali ya wakati ule ikatunga sheria ya kuzuia mashamba yasiendelee kuhamia mikononi mwa wakopeshaji.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikawa ya Serikali, na wananchi wengi wakagaiwa eka tatu tatu. Tukadhani habari ya rehani imezikwa. Haikuzikwa, imebadilisha kanzu tu. Siku hizi mtu hachukui shamba lako, huchukua mavuno yako kabla hayajatoka uani. Mti uko kwako, kupalilia unapalilia wewe, na karafuu ni za mwengine. Unyonyaji wa namna hii mlango tunaufungua wenyewe, tena usiku, mwenzako amelala.

Na kuna rehani mpya isiyohitaji hata mti, nayo ni mkopo wa simu. Unabonyeza, fedha zinaingia, hakuna shahidi wala anayekuona. Baada ya siku chache inadaiwa na ziada yake, unakopa pengine kulipa hapo. Mikopo ya kuumiza namna hii wenzetu wa Bara wameipa jina, wanaiita kausha damu. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyokuwa na leseni, ikawatahadharisha wananchi. Lakini Benki Kuu haiwezi kukaa chumbani kwako saa nne ya usiku. Anayeweza ni mumeo au mkeo.

Sasa niwajibu wanaonipinga, mmoja mmoja.

Kwanza wanaume wenzangu. Mnasema mwanamme haulizwi fedha zake. Vizuri. Nami nauliza: mwenye kudai akija mlangoni asubuhi na wewe uko baharini, anayemjibu ni nani? Duka likikufunga, anayebandika sungura wa maji matupu ni nani? Na ukifa leo, sote ni njia hiyo, deni hutolewa kwanza kabla urithi haujagaiwa. Unataka mkeo akae eda huku anabishana na mtu asiyemjua, juu ya fedha asiyoiona? Aya ndefu kuliko zote katika Kur-ani, ya 282 katika Suratul Baqara, ni ya habari ya deni, na inaamrisha liandikwe na liwekewe mashahidi. Siye tunasoma aya hiyo msikitini, tukitoka tunakopa kwa kunong'ona.

Pili, akina mama. Tokea ulipoanza ukulima wa mwani hapa Zanzibar mwaka 1989, wanawake wengi mmeshika fedha zenu wenyewe kwa mara ya kwanza. Mnakaa majini na mgongo umeinama, na bei inapanda na kushuka bila ya kuulizwa. Mnaogopa kuwa mume akijua mna kitu ataacha kuleta matumizi. Hofu hiyo si ya uongo, wanaume wa namna hiyo wapo na tunawajua. Basi sikilizeni vizuri: pendekezo langu halisemi muonyeshe akiba. Mali ya mwanamke ni yake, sharia imempa, na kulisha nyumba kunabaki juu ya mume hata mkewe akiwa tajiri. Ninalotaka lionekane ni deni. Deni lionekane, akiba iheshimiwe. Hayo ni mambo mawili, msiyachanganye.

Tatu, wapo waliouliza swali la maana: je, mume akikataa kutia saini kwa inda tu, mke akose mkopo wa kamba na vigingi? Hapana. Saini hii ni ya kujua, si ya kuruhusu. Akikataa, wajumbe wawili wa kamati watakwenda kumjulisha mbele ya mashahidi, wataandika kuwa ameambiwa, na mkopo utatoka. Na mke akikataa ni vivyo hivyo. Hapana wa kumzuia mwenziwe, na hapana wa kusema kesho kuwa hakujua.

Lakini saini peke yake haitoshi ikiwa matumizi yetu ni yale yale. Nyumbani kwangu tumefuata mambo haya kwa miaka miwili na deni tumelimaliza. Nayaandika, mwenye kuona yanafaa ayachukue.

1. Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi, watoto wakishalala, tunakaa na daftari. Ukurasa mmoja ni wa tunaodaiwa nao, wa pili ni wa tulichotumia. Asiyejua kuandika mwanawe wa skuli amwandikie, au aje darasani, nafasi ziko. Sharti letu ni moja: usiku ule hapana kugombana kwa deni lililosemwa kweli. Ukimgombeza mtu kwa kusema, mwezi ujao atanyamaza.

2. Tulilipa kwanza deni linalokua, kama la simu na la kikundi chenye ziada. La pili ni la duka, kwa sababu siku ya ugonjwa dukani ndiko tutakakokimbilia. La jamaa lilifuata, lakini yeye tulimwendea tukamwambia lini, hatukumkwepa njiani.

3. Tuliacha kununua vidogo vidogo. Piga hesabu: sukari robo kwa 900, mara nne ni 3,600. Kilo nzima kwa 3,000 umeokoa 600, bei ya kipande cha sabuni. Wenye duka hawana kosa, wanafungasha tunavyotaka wenyewe.

4. Tulirudi kwenye chakula cha shamba. Ni aibu shelisheli lioze chini ya mti nasi tunakopa mkate. Muhogo, majimbi, ndizi na dagaa si chakula cha dhiki. Kilichotulea siye kitawalea na watoto wetu. Mchele wa duka tunakula, lakini si kila siku wala kwa daftari.

5. Sare ya kanga kwa kila harusi tumeikataa. Tunakwenda, tunasaidia kupika, tunatunza kwa uwezo wetu. Mwanzoni mke wangu alisemwa. Sasa kuna wanawake watano wamemfuata, na harusi zinafana vile vile.

6. Hatukodishi mikarafuu kwa ajili ya sherehe, abadan. Ugonjwa na skuli ni jambo jengine, na hata hapo mtu aje kwanza kwenye ushirika kabla hajamwendea tajiri.

7. Tunaweka akiba japo kidogo. Vikundi vya sanduku la kufuli tatu mnavijua, funguo hushikwa na watu watatu mbalimbali. Vikundi vya kuweka na kukopeshana vya namna hii vilianzia kwa wanawake wa Maradi, nchini Niger, mwaka 1991. Ni watu wa nchi ya ukame, hawana karafuu wala bahari. Kama wao waliweza, siye tunashindwa na nini?

Ndugu wanaushirika, mkopo wa ushirika ni fedha ya sote. Anayeshindwa kuulipa anakula mbolea ya mwenziwe na ada ya mtoto wa jirani. Nimepitia orodha ya waliochelewa kulipa mwaka jana. Majina siyaandiki ukutani, si adabu. Nitasema hili tu: tulipowatembelea majumbani, katika nyumba nyingi mmoja kati ya mume na mke alisikia habari ya deni lile kwetu sisi wajumbe. Nimeona mtu mzima akiangalia sakafu ya nyumba yake mwenyewe. Sikupenda kuliona, maana miaka minne iliyopita mtu huyo alikuwa mimi.

Mficha maradhi kilio humfichua. Deni nalo ni maradhi, na nyumba yenye watu wawili haiponi ikiwa mmoja tu ndiye anayejua anaumwa wapi.

Jumamosi njooni, wake kwa waume. Mwenye kunipinga asimame anipinge mkutanini, asinisubiri kwenye kona ya duka. Na kabla ya Jumamosi, kila mtu amwambie mwenziwe deni moja asilolijua. Moja tu. Tuanze hapo.

DENI LIONEKANE, AKIBA IHESHIMIWE.

Katibu wa Tawi