Rasmi kwa mtihani, si rasmi kwa mgao

Sisi tulio katika taaluma ya lugha twafahamu kwamba jina laweza kuwa hukumu. Itazame, ndugu msomaji, istilahi hii ya “shule zisizo rasmi”, ambayo hubandikwa shule za kijamii za Kibera, Mathare, Mukuru na Korogocho jijini Nairobi.

Hebu tujiulize: ni nini hasa kisicho rasmi katika shule hizo? Mtaala unaofundishwa humo ni ule ule wa taifa. Mtihani wa KCPE, hadi ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, watoto hao waliufanya sawa na wenzao. Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 humpa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, wala hakimuulizi anaishi mtaa gani. Kisicho rasmi ni ukuta wa mabati na kiwanja kisicho na hatimiliki. Dosari ya ardhi imegeuzwa kuwa dosari ya mtoto.

Elimu ya msingi bila malipo ilipoanzishwa mwaka 2003, serikali ilitenga shilingi 1,020 kwa kila mwanafunzi. Kwa kiasi kikubwa, fedha hizo zilifuata shule za umma, si mtoto mwenyewe. Nazo shule za umma ni haba, nyingi zikiwa pembezoni mwa mitaa hiyo, na madarasa yake yalifurika mara moja. Walioziba pengo ni wazazi, makanisa, misikiti na walimu wa mtaani. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hata hivyo, matokeo yake ni kinaya kichungu: maskini ndiye alipaye karo katika nchi ambayo elimu ya msingi ni ya bure!

Sisemi kwamba shule hizo hazina ila. Zimo zilizofunguliwa na wachuuzi wa elimu, na baadhi ya walimu wake hawajapata mafunzo ya ualimu. Mnamo Septemba 2019, jengo la shule moja ya kibinafsi huko Ng’ando, Dagoretti, liliporomoka likaua watoto. Lakini dawa ya jengo bovu ni mkaguzi na mhandisi wafike mapema. Tingatinga si dawa. Julai 2018, makazi ya Kibera yalipobomolewa kupisha barabara, shule kadhaa zilibomolewa pia, na wanafunzi wakabaki bila darasa katikati ya mwaka.

Sera ya mwaka 2009 kuhusu utoaji mbadala wa elimu ya msingi ilikwisha kuzitambua shule hizi. Lakini kutambua bila kugharimia ni kumkaribisha mgeni mezani kisha kumnyima sahani.

Yapasa mambo matatu yafanyike. Mgao wa serikali umfuate mtoto popote anaposoma mtaala wa taifa, mradi shule yake isiwe ya kuchuma faida. Walimu waliomo wapewe mafunzo wakiwa kazini, ili wasajiliwe na Tume ya Huduma za Walimu. Na shule yoyote isivunjwe kabla watoto wake hawajapata madawati kwingine.

Nanyi walimu na wanafunzi, acheni kuziita “zisizo rasmi”. Ziiteni shule, kisha mwulizeni mwenye mamlaka kwa nini hazipati haki ya shule.