Degedege, Kimeo na Dhamana ya Roho ya Mtoto



Ripoti ya malaria ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliyotolewa Desemba 2024 ilieleza kuwa ugonjwa huo uliua watu wapatao 597,000 katika mwaka 2023. Asilimia 95 ya vifo hivyo vilitokea katika kanda ya Afrika, na humo takriban robo tatu ya waliofariki walikuwa watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano. Zaidi ya nusu ya vifo vyote vilitoka katika nchi nne tu, na Tanzania ni mojawapo, pamoja na Nigeria, Kongo na Niger.

Umaskini umetajwa sana kuwa sababu, na umbali wa zahanati pia, na ni kweli. Lakini ipo sababu nyingine iliyo ndani ya nyumba zetu, na kwa kiasi fulani ndani ya misikiti yetu, nayo ni saa zinazopotea baina ya mtoto kushikwa na homa na mtoto kupimwa damu.

Tuchukue degedege. Mtoto huchemka mwili, kisha hukakamaa, macho yakageuka, mikono na miguu ikatetemeka. Jina lenyewe wengi hulihusisha na ndege, na katika vijiji vingi vya mwambao huaminiwa kuwa ni jambo la shetani. Utafiti uliofanywa Bagamoyo katika miaka ya 1990 ulikuta watoto wa namna hii wakifukizwa kinyesi cha tembo na kumwagiwa mkojo kabla ya kufikishwa hospitali. Ilikuwapo pia itikadi kwamba mtoto mwenye degedege akidungwa sindano atakufa.

Itikadi hiyo ya sindano inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu haikuzuka hivi hivi. Mtoto aliyezungushwa kwa waganga siku mbili hufikishwa wodini malaria ikiwa imekwisha kupanda kichwani. Hudungwa sindano, na baada ya saa chache hufariki. Jamaa waliosimama pale waliiona sindano. Siku mbili zilizotangulia hakuna aliyezihesabu. Basi sindano ikabeba lawama ya ucheleweshaji. Ilhali utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwamo, ulionyesha kuwa sindano ya artesunate ilipunguza vifo kwa zaidi ya moja ya tano ikilinganishwa na kwinini. Mwaka uliofuata WHO ikaielekeza kuwa ndiyo tiba ya watoto hao.

Huenda msomaji akauliza: je, Uislamu haukubali kuwapo kwa majini na madhara yao? Unakubali. Lakini Imam Ibn al-Qayyim (Mungu amrehemu), katika Zad al-Ma'ad, aligawa kifafa mafungu mawili: kinachotokana na roho ovu, na kinachotokana na kuharibika kwa mwili, ambacho ndicho wanachokizungumzia matabibu. Mwanachuoni wa karne ya nane ya Hijria aliona haja ya kupambanua. Vipi sisi, tulio na kipimo cha tone moja la damu kinachotoa jibu katika muda wa robo saa hivi, tuanze kwa kudhani jini?

La pili ni kimeo. Mtoto akikohoa wiki mbili, mtu wa pembeni humfungua kinywa, akasema kimeo kimerefuka, na mtoto akapelekwa kwa fundi mwenye wembe au kisu. Madaktari wetu wameonya mara nyingi juu ya damu nyingi inayotoka, vidonda kuoza na hatari ya pepopunda. Na kikohozi hakiondoki, maana chanzo chake mara nyingi ni nimonia, pumu, kifua kikuu au mafua ya kawaida. Walio wadogo zaidi hung'olewa kile kinachoitwa meno ya plastiki, ambayo si chochote ila meno ya utotoni yaliyo bado ndani ya ufizi.

Katika Sahihi mbili, Bukhari na Muslim, imepokewa habari ya Ummu Qays bint Mihsan (R.A.), aliyemleta mwanawe kwa Mtume (S.A.W.) baada ya kumbinya koo kwa sababu ya maradhi ya kooni. Mtume alikemea wanawake kuwatesa watoto wao kwa mbinyo ule, akawaelekeza kwenye udi wa Kihindi, dawa iliyojulikana zama zile. Ikiwa kidole kilikemewa, wembe utasemwaje?

Imepokewa vilevile kwa Abu Dawud na wengineo kwamba anayejitia utabibu hali hajulikani kuwa na elimu yake ni mdhamini wa madhara yatakayotokea. Mafaqihi wameijengea hukumu: huyo hudaiwa. Mimi naona hukumu hii haimhusu mkata vimeo peke yake. Inamhusu muuza duka la dawa anayempimia mtoto vidonge kwa kumtazama uso, na inamhusu mwalimu au sheikh anayemwandikia mtoto kombe kisha akamwambia mama asimpeleke hospitali mpaka siku tatu zimalizike. Kombe na kisomo si utabibu. Amri ya kumzuia mgonjwa asitibiwe ni utabibu, tena wa hatari.

Hata hivyo si haki kumbebesha mama mzigo wote. Sera yetu ni kuwatibu bure walio chini ya miaka mitano katika vituo vya umma, lakini mama akifika zahanati akaandikiwa dawa ya kununua nje, atakumbuka safari ijayo kwamba mganga hukubali kulipwa kidogo kidogo. Na tangu Januari 2025, Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake, nchi nyingi za Afrika zimepata pigo katika fedha za vipimo, dawa na vyandarua. Hili ni la Serikali kujibu, na waumini wana haki ya kuliuliza.

La misikiti ni jepesi zaidi. Mtoto mwenye homa akiletwa kusomewa baada ya Magharibi, swali la kwanza la imamu liwe: amepimwa? Kama ameshikwa na degedege, alazwe ubavu, asitiwe kijiko wala dawa kinywani, apelekwe hospitali usiku ule ule. Vivyo hivyo anayeshindwa kunyonya, anayetapika kila kitu, anayelala asiamshike, na ambaye kifua chake huingia ndani anapopumua. Msikiti wenye mfuko wa sadaka unaweza kutenga nauli ya bodaboda kwa ajili ya hao, na Suratul-Fatiha isomwe njiani.