Wito kwa Watu wa Mahagi-Port: Tumeze Dawa, Tuchimbe Vyoo

Wavuvi, wamama wa soko, walimu na wakuu wetu wa mitaa, jambo lenyewe ni hili: kichocho.

Magonjwa mengine tumeyapiga vita tukashinda. Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba mnyoo wa Guinea haupo tena Kongo. Habari hiyo haikupigiwa ngoma, kwa kuwa mgonjwa wa mwisho alionekana mwaka 1958. Malale ndiyo tunayoikumbuka. Mwaka 1998 pekee waliandikishwa wagonjwa wake zaidi ya 26,000 nchini. Siku hizi ni mamia tu, na wengi wao wanapona kwa vidonge vya feksinidazoli vilivyojaribiwa hapa hapa kwetu. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba Wakongo hatuwezi.

Lakini ziwani petu kichocho bado kinatamba. Mama anasimama majini hadi magotini akiparua magamba ya kapiteni, watoto wanaogelea karibu naye, na nyuma ya vichaka mtu anajisaidia. Mvua ikinyesha, kinyesi kinashuka ziwani pamoja na mayai ya minyoo. Yanaanguliwa, vijidudu vinaingia ndani ya konokono, na jua likiwa kali vinatoka kwa wingi kutafuta ngozi ya mtu. Vinapenya upesi, bila maumivu ya kukustua. Miaka inapita, ini linakakamaa, tumbo linajaa maji, mgonjwa anatapika damu. Hapo ndipo jamaa wanaanza kumtafuta aliyemloga.

Dawa ipo, prazikwanteli, inayomezwa kwa siku moja. Kwa muda mrefu ilielekezwa zaidi kwa wanafunzi, ilhali baba anayelala majini na mama anayeosha samaki wanabaki na minyoo yao. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri, mahali kichocho kilipoenea, kila mtu kuanzia miaka miwili apewe, wazima wakiwemo, na mwenye mimba pia akishapita miezi mitatu ya kwanza. Basi ndugu wareko, nyinyi wahudumu wa afya wa jamii, msikae shuleni mkisubiri watu. Shukeni pwani asubuhi mitumbwi inaporudi. Ila wavuvi hao wamekesha na njaa: waacheni wale bugali kwanza, ndipo wameze.

Na mwambieni mtu ukweli. Dawa hii inaweza kusokota tumbo na kutapisha, hasa kwa mwenye minyoo mingi, kisha inapita. Anayeficha hayo ndiye anayelisha uvumi kwamba vidonge vinaharibu uzazi. Mimi simlaumu anayekimbia dawa ambayo hakuelezwa.

Hata hivyo dawa haizuii kuambukizwa tena. Ukimeza leo na kesho ukarudi kwenye maji yale yale, minyoo inarudi. Maji ya kuoga yakae kwenye bidoni siku mbili kamili, bila konokono ndani. Vijidudu vitakufa vyenyewe.

Kazi ngumu ni choo. Najua mchanga wa ufukweni unabomoka, najua maji ya ziwa yalivyopanda. Shimo likae mbali na maji, lizungushiwe matofali au mapipa yaliyotobolewa. Nyumba moja haiwezi gharama hiyo, lakini likelemba, mchango wetu wa zamu, inaweza. Wenye mitumbwi mnachangiana nyavu na misiba. Changianeni choo cha pwani, na mlipe mtu wa kukisafisha, maana choo kichafu kinawarudisha watu vichakani.

Wakuu wetu, zungumzeni na wenzenu wa Panyimur, ng'ambo ya mpaka. Tunauziana samaki nao na ziwa ni moja. Dawa igawiwe pande zote mbili kwa majuma yale yale, mvuvi asipotee katikati. Kisha tuandike orodha ya nyumba zisizo na choo, mtaa kwa mtaa, tukianza na nyumba zenu.