Paka mzima asiye na manyoya: ni mzima kweli?

Katika familia nyingi za Kasulu na Kibondo, paka mkubwa huingia nyumbani bila mtu kupanga. Mwalimu au muuguzi wa jirani amepata uhamisho, gari la mizigo limejaa, na paka hana pa kukaa. "Jirani, baki na huyu, panya hawatakusumbua tena." Mwenye nyumba anayafikiria magunia ya mahindi na maharage yaliyoko stoo, anakumbuka yalivyotobolewa msimu uliopita, anakubali. Kwamba nyumbani tayari kuna paka wawili, hilo halionekani kuwa tatizo.

Tatizo linaonekana kiroba kinapofunguliwa. Paka anayetoka ni mkubwa wa umbo, lakini shingo na mgongo havina manyoya, ngozi iko wazi. Watoto wanacheka, bibi anasema atupwe mbali, na mwenye huruma kuliko wote anataka kumbeba akamlaze na wenzake jikoni, kwenye joto la majivu. Wa kuzuiwa haraka zaidi ni huyo mwenye huruma.

Wapo paka wanaozaliwa bila manyoya na wana afya njema. Maarufu kuliko wote ni aina inayoitwa Sphynx, iliyoanzia Toronto, Kanada, mwaka 1966, baada ya paka wa kawaida kuzaa mtoto asiye na manyoya kwa sababu ya mabadiliko ya vinasaba. Hata hao hawana upara kamili, kwani ngozi yao ina vinyweleo laini sana ambavyo mtu huvihisi kwa kiganja kuliko kuviona kwa macho. Ngozi ina mikunjo, masikio ni makubwa, sharubu ni fupi au hazipo, na mwili ni wa moto ukiugusa. Upara umeenea mwili mzima kwa usawa, ngozi ni safi, haina magamba wala vidonda.

Afrika Mashariki nayo ina paka wake mwenye manyoya machache. Paka wa Sokoke, aliyepewa jina la msitu wa Arabuko-Sokoke katika pwani ya Kenya, alianza kujulikana kwa wafugaji wa nje baada ya mwaka 1978. Manyoya yake ni mafupi na yamelala, tena hana yale ya chini yanayotunza joto. Lakini manyoya anayo. Kwa hiyo paka wa Kasulu mwenye mabaka ya upara akisifiwa kuwa ni "paka wa kizungu", inafaa kuuliza kwanza kama alizaliwa hivyo. Mara nyingi jibu ni hapana. Alikuwa na manyoya, yakatoka, na kuna kitu kimeyatoa.

Kitu hicho huacha alama, na hata asiye mtaalamu anaweza kuanza kukikisia kwa kuangalia sehemu zilizobaki wazi. Upele wa paka, unaoletwa na utitiri wadogo wanaochimba ngozi, kwa kawaida huanzia kwenye kingo za masikio, ukashuka usoni na shingoni. Ngozi inakuwa nene, inafanya magamba ya kijivu, na paka anajikuna hadi anatoka damu. Upara wa kiunoni, karibu na shina la mkia, mara nyingi husababishwa na viroboto. Tumbo na mapaja yakiwa wazi huku ngozi ikiwa safi, huenda paka anajilamba kupita kiasi kwa sababu ya muwasho au wasiwasi. Mabaka ya mviringo yenye vumbi kama mba, na manyoya yaliyokatika pembeni, yanaelekeza kwenye fangasi. Tena kuna kovu la moto, ambalo si geni nyanda za juu. Usiku wa Juni na Julai paka hulala karibu mno na mafiga, na kaa moja likianguka linatosha kuacha baka lisiloota manyoya tena.

Kovu la moto na kujilamba kwa wasiwasi havimwambukizi mtu wala paka mwingine. Upele na fangasi huambukiza, na viroboto huhamia kwa wenzake usiku huo huo. Ndiyo sababu paka mgeni hapaswi kupelekwa jikoni kwa wenzake siku ya kwanza, hata akionekana mnyonge namna gani.

Fangasi ndiyo inayogusa familia moja kwa moja. Aina inayowapata paka humpata binadamu pia, na watoto wadogo ndio wa kwanza kwa sababu ndio wanaomkumbatia. Kwenye mkono hutokea kama duara jekundu linalowasha, na kichwani hutokea kama mapunye. Si kila mapunye yanatoka kwa paka, kwani watoto huambukizana wenyewe shuleni, kwa kofia na mashine za kunyolea. Lakini nyumba iliyopokea paka mwenye mabaka, na wiki chache baadaye mtoto akaanza kutoka nywele, isitafute mchawi. Mtoto apelekwe zahanati. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa kupaka dawa peke yake, yanahitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa. Vimelea vyake hubaki kwenye blanketi, mkeka na kochi kwa miezi mingi, ndiyo maana nyumba nyingine hutibu, hupona, kisha huugua tena.

Upele ni mwepesi zaidi kwa binadamu. Utitiri wa paka humng'ata mtu na kumwasha mikononi na tumboni, lakini hawaishi muda mrefu kwenye ngozi yake. Paka akitibiwa, muwasho wa mtu huisha.

Kwenye matibabu ndiko wengi wanakomuua paka kwa nia njema. Wilaya hizi zina wafugaji wa ng'ombe na mbuzi, na dawa ya kuogeshea mifugo haikosekani kwa mtu wa karibu. Mwenye paka anaomba kidogo kwenye chupa ya soda, anachanganya kwa kukisia, anamwogesha. Dawa nyingi za kupe, zikiwemo zenye viambata vya amitrazi, permethrini na saipermethrini, ni sumu kwa paka. Ini la paka haliwezi kuvunja baadhi ya kemikali ambazo ini la mbwa au la ng'ombe huzivunja, na tabia yake ya kujilamba inamfanya ameze kila alichopakwa. Anaanza kutoa mate, anatetemeka, misuli inakaza, kisha degedege. Aliyekwisha kupakwa aoshwe mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, akaushwe, afunikwe asipate baridi, na apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Oili chafu ya gari, ambayo wengine huipaka kwenye upele, nayo humezwa kwa kulambwa. Dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe zikichanganywa na maji zinaunguza ngozi na ulimi wa paka. Na kidonge cha parasetamo, anachopewa ili "maumivu yapungue", kinaweza kumuua hata kikiwa nusu.

Dawa za upele zinazomfaa paka zipo, na baadhi ni zile zile ambazo ofisa mifugo huwachoma mbuzi, lakini kwa kipimo kidogo kinachotokana na uzito wa paka mwenyewe. Kosa la tone moja kwa mnyama wa kilo tatu si sawa na kosa la tone moja kwa ng'ombe. Kwa hiyo paka apelekwe kwa ofisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo wa wilaya, apimwe uzito na kuangaliwa ngozi. Dawa hurudiwa, kwa sababu mayai ya utitiri huanguliwa baada ya dozi ya kwanza. Paka wa nyumbani waliokwisha kukutana na mgeni watibiwe naye siku hiyo hiyo, vinginevyo upele utazunguka kutoka kwa mmoja hadi mwingine mwaka mzima.

Safari hiyo hiyo itumike kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Jina la ugonjwa limewafanya wengi waamini ni wa mbwa tu, lakini paka huupata na huuambukiza kwa kung'ata au kukwaruza. Paka huchanjwa kuanzia umri wa miezi mitatu, na kama hakuna karatasi ya chanjo, ahesabiwe kuwa hajachanjwa. Kampeni za chanjo hufanyika pia karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na paka naye apelekwe. Akimng'ata mtu kabla ya hapo, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, ugonjwa huu huua karibu kila mara.

Mjamzito katika nyumba ya namna hii hahitaji kufukuza paka, ila kinyesi akitoe mtu mwingine, tena kila siku. Vimelea vya toksoplasma vilivyomo kwenye kinyesi cha baadhi ya paka huhitaji siku moja hadi tano nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza, hivyo kinachotolewa mapema hakina madhara makubwa.

Muda wa karantini, iwe wiki mbili au zaidi kama ni fangasi, haupotei bure. Paka humtambua ndugu yake kwa harufu kabla ya sura. Waliozoeana husuguana mashavu na mbavu hadi wote wanukie sawa, na hiyo ndiyo hati yao ya ukaazi. Mgeni aliyeoshwa kwa dawa ananukia hospitali, na wenyeji wanamwona adui. Hata paka wa siku zote wa nyumba hiyo akioshwa, wenzake wanaweza kumfokea kama hawajawahi kumwona.

Kwa hiyo mgeni akae chumba chenye mlango, chenye beseni la mchanga, maji, na boksi la kujificha. Pasiwe na magunia ya chakula ndani. Baada ya matibabu, ngozi ikishapona, kipande cha khanga alicholalia kipelekwe kwa wenyeji, na chao kiletwe kwake. Kikifokewa, kiachwe hapo hapo hadi wakizoee. Kisha wote walishwe wakati mmoja, mlango ukiwa katikati, sahani zikisogezwa karibu siku hadi siku. Dagaa wa Kigoma ni washenga wazuri kwa kazi hii. Ugali pekee hautoshi, kwani paka bila nyama au samaki hudhoofika, na ngozi inayotakiwa kuota manyoya inahitaji protini.

Siku ya kuonana, mlango ufunguliwe kwa dakika chache baada ya kula, mtu mzima akiwepo. Kufoka na kutunisha mkia ni mazungumzo ya kawaida. Wakianza kukazana macho bila kupepesa, kati yao kisukumwe kipande cha kadibodi, si mkono wa mtu. Jeraha la meno ya paka hugeuka jipu kwa urahisi, na ndilo linalopitisha kati ya paka na paka virusi vinavyoshusha kinga yao, ambavyo havimwambukizi binadamu. Madume wasiohasiwa ndio wagomvi wakubwa, hivyo kama mgeni ni dume, kumhasi kutasaidia kuliko maonyo yote.

Asiachiwe nje kwa wiki mbili hadi tatu za mwanzo. Paka mkubwa hushikamana na mahali, na wapo wanaorudi walikotoka hata kama nyumba ina kufuli. Kuletwa kwenye kiroba ili asiione njia hakusaidii, kunamwongezea hofu tu. Kikapu chenye mfuniko au boksi lenye matundu linatosha kwa safari ya basi kutoka Kibondo hadi Kasulu.

Yule ambaye manyoya hayataota tena, kwa kovu au kwa kuzaliwa, ana mahitaji mawili ya kudumu. Jua la mchana linaunguza ngozi iliyo wazi, na kwa miaka linaweza kuleta saratani, hasa ikiwa ngozi ni nyeupe. Awekewe kivuli kuanzia saa nne asubuhi. Usiku ana baridi kuliko wenzake na atatafuta moto, hivyo apewe boksi lenye sweta kuukuu mbali kidogo na mafiga, na majivu yafunikwe.

Wengine huzoeana ndani ya wiki, wengine huchukua miezi. Wapo wasiopendana kamwe, wakaishi kama wapangaji wa nyumba moja, mmoja akiwa na stoo na mwingine jikoni. Hao wapewe sahani mbili na beseni mbili, na wasilazimishwe kulala pamoja.