Distribyuta isitoke bila alama



Wapo watakaouliza bwana shamba anatafuta nini kwenye injini. Jibu ni fupi: nyanya hazisubiri. Ukilima vizuri, halafu gari likalala siku nne chini ya mwembe wakati wa mavuno, jasho la palizi na gharama ya dawa vinapotea.

Magari ya zamani ya petroli bado yanabeba mizigo ya wakulima. Leo nazungumzia Land Rover Series III, iliyotengenezwa Uingereza kati ya mwaka 1971 na 1985. Ni gari gumu, na injini yake ya silinda nne hutengenezeka kwa spana za kawaida. Hata hivyo, baadhi ya magari haya yanayoitwa "injini imekufa" hayajafa. Yamerudishiwa distribyuta vibaya.

Msimamo wangu ni huu: mwenye gari asikubali distribyuta itolewe kabla ya kuwekewa alama, hata kama fundi ni shemeji yake.

Distribyuta ndiyo inayogawa moto wa koili kwa kila plagi kwa zamu. Krenki ikizunguka mara mbili, shafti ya distribyuta inazunguka mara moja. Kwa hiyo pistoni ya silinda namba moja hufika juu mara mbili katika kila mzunguko mmoja wa distribyuta: mara moja ikiwa imebana hewa na petroli, mara nyingine ikimaliza kutoa moshi. Alama ya kwenye puli inalingana mara zote mbili. Ukiitazama hiyo peke yake, huwezi kujua uko wapi.

Fundi akikosea hapo, moto unafika wakati silinda haina cha kuchoma. Gari haliwaki, au linapiga mshindo kwenye kabureta au ekzosti. Kisha fedha zinaanza kutoka. Kabureta inafunguliwa, koili mpya inanunuliwa, pampu ya petroli inalaumiwa. Mwisho anakuja mnunuzi wa chuma chakavu, naye anataja bei akijua kwamba mwenye gari amechoka.

Kwenye Land Rover hii, ulimi wa chini ya distribyuta haukukaa katikati kabisa, hivyo unaingia kwa namna moja tu. Wengine hudhani hilo linatosha. Halitoshi. Ikiwa shafti inayoiendesha nayo ilitolewa, au nyaya zimepachikwa kuanzia tundu lisilo lake, kosa linabaki pale pale.

Nimesikia mafundi wakisema alama ni za wanafunzi. Nawaheshimu, na ni kweli fundi mzuri anaweza kutafuta taimingi upya. Anatoa plagi ya kwanza, anaziba tundu kwa kidole, na injini inazungushwa polepole kwa hendeli mpaka upepo usukume kidole. Hapo anajua pistoni inabana. Lakini fundi huyo hayupo kila kijiji. Tena akiitwa kwenye kazi nyingine, anayekuja kumalizia hakuona ilivyokuwa mwanzo. Alama ni kumbukumbu inayobaki kwenye gari fundi akishaondoka.

Kwa hiyo simama karibu, na haya yafanyike mbele ya macho yako:

1. Swichi izimwe, gia iwe huru, gari lizuiwe kwa jiwe, na waya mmoja wa betri utolewe.

2. Nyaya za plagi zipewe namba kwa utepe. Silinda namba moja ni ile ya mbele, upande wa rejeta.

3. Kofia ikitolewa, injini izungushwe kwa hendeli mpaka alama ya taimingi ilingane na rota ielekee tundu la waya namba moja. Tazama rota inazungukia upande gani, uandike.

4. Chora mstari kwenye ukingo wa distribyuta pale rota inapoelekea, na mwingine kati ya distribyuta na injini. Piga picha kwa simu.

5. Distribyuta ikishatoka, mtu yeyote asizungushe injini mpaka irudi. Watoto wasichezee hendeli.

6. Wakati wa kurudisha, isigongwe kwa nyundo. Rota igeuzwe taratibu mpaka ulimi uzame wenyewe. Kwenye magari mengine chini kuna gia ya meno ya mshazari, na rota hugeuka kidogo distribyuta inapovutwa juu. Hapo chora alama mbili, kabla na baada ya kuvuta.

7. Platini zirekebishwe kwanza, kisha taimingi, kwa sababu nafasi ya platini ikibadilika, taimingi nayo inabadilika. Kwa Land Rover hii nafasi ni milimita 0.35 hadi 0.40, ikipimwa platini zikiwa zimefunguka kabisa. Washa za plastiki zinazotenganisha waya na bodi zirudi mahali pake. Moja ikisahauliwa, hupati moto hata kidogo.

8. Nyaya zipachikwe kwa mpangilio wa 1-3-4-2, kufuata upande ule rota inakozungukia.

Usinakili mpangilio wa gari la jirani bila kuhakikisha. Volkswagen Beetle, kwa mfano, ni 1-4-3-2.

Simlaumu fundi peke yake. Sisi wenye mizigo humharakisha kwa sababu gulio ni kesho, halafu tunabishania ujira wa dakika kumi za kuweka alama. Mkubaliane mapema kwamba dakika hizo zimo ndani ya bei. Ukimwita mtu akupimie magunia, unahesabu pamoja naye. Kwenye gari linalobeba magunia hayo fanya vivyo hivyo.

Kama gari lako ni zima leo, usisubiri liharibike. Fungua boneti, uandike 1-3-4-2 kwa rangi upande wa ndani, na mshale wa upande rota inakozungukia. Fundi atakayekuja usiku na tochi atakushukuru.