Dawa Mpya za Ugonjwa wa Kutetemeka: Mwafrika Yuko Wapi?

Mnamo Februari 2025 madaktari wa London walitangaza matokeo yaliyowavunja moyo watu wengi. Wagonjwa 194 wa Uingereza, wenye ugonjwa wa kutetemeka uitwao Parkinson, walikuwa wamechomwa sindano kila juma kwa muda wa majuma 96. Nusu yao walipewa eksenatidi, dawa ya ugonjwa wa sukari, na nusu ya pili walipewa sindano isiyo na dawa ndani yake. Mwishoni hapakuonekana tofauti yoyote kati ya makundi hayo mawili. Hali hii ilikuwa kinyume cha jaribio dogo la mwaka 2017 la wagonjwa 62, ambapo dawa hiyo hiyo ilionekana kuwafaa waliopewa, na magazeti ya ulimwengu yakashangilia kabla ya wakati.

Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza na tabibu wa London, James Parkinson, mwaka 1817. Ndani kabisa ya ubongo zimo seli zitengenezazo dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mwendo wa viungo vya mwili. Seli hizo zikifa, mkono hutetemeka hali umetulia, mwili hukakamaa, hatua huwa fupi na uso hukosa bashasha. Askari mwenye dalili hizo huweza kudhaniwa mlevi, au mwoga, au mvivu wa gwaride, naye mwenyewe asijue limpatalo. Bondia Muhammad Ali, aliyemwangusha George Foreman mjini Kinshasa mwaka 1974, alielezwa na madaktari wake miaka kumi tu baadaye kwamba ana ugonjwa huu.

Yako mambo ya kuwahusu wenye sare hasa. Kambi ya wanamaji wa Marekani iitwayo Camp Lejeune, huko North Carolina, ilikuwa na visima vilivyoingiwa na dawa ya kusafishia vyuma na mitambo. Mwaka 2023 wachunguzi walitangaza kwamba wanajeshi waliokaa hapo kati ya 1975 na 1985 walipatwa na Parkinson kwa kadiri iliyozidi kwa asilimia 70 ile ya wenzao wa kambi ya California iliyokuwa na maji safi. Fundi wa karakana yeyote anayenawa mikono kwa dawa za kuondolea grisi ana haki ya kuuliza ni dawa gani hiyo.

Turudi kwenye matibabu. Tangu miaka ya 1960 tegemeo kubwa limekuwa levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Humrudishia mgonjwa mwendo, lakini haizuii seli kufa, na baada ya miaka kadhaa nguvu yake huja na kupotea mara nyingi katika siku moja. Ndiyo maana tamaa ya wataalamu sasa ni kupandikiza seli mpya. Aprili 2025 zilitolewa habari za majaribio mawili: wagonjwa 12 wa Marekani na Kanada, na wagonjwa 7 wa Kyoto, Japani. Seli zilipandikizwa ubongoni, hazikugeuka uvimbe, na baadhi ya wagonjwa walipata nafuu. Huko Kyoto, katika 6 waliopimwa mwendo wao, 4 walikuwa na hali bora hata walipopimwa kabla ya kumeza dawa.

Ni habari njema, ila watu 19 ni wachache mno, na hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo. Wamarekani walikwisha kujifunza jambo hili kwa uchungu. Mwaka 2001 walitoa matokeo ya wagonjwa 40: nusu walipandikizwa seli, na nusu walitobolewa fuvu tu pasipo kuwekewa kitu, wasijue. Baadhi ya waliopandikizwa walikuja kushikwa na mitukutiko ya viungo isiyozuilika, hata wakiacha dawa. Kutoboa fuvu la mtu bure kwaonekana ukatili, lakini pasipo hilo matumaini ya mgonjwa yangehesabiwa kuwa dawa.

Na Mwafrika je? Mwaka 2023 wataalamu, miongoni mwao wa Chuo Kikuu cha Lagos, walitangaza badiliko katika jeni iitwayo GBA1, lililo nadra mno kwa Wazungu lakini la kawaida kwa watu wa asili ya Kiafrika. Aliyelirithi kwa mzazi mmoja huzidiwa hatari mara moja na nusu. Aliyelirithi kwa wote wawili, mara tatu na nusu. Majaribio karibu yote yamefanywa kwa Wazungu na Waasia. Dawa itakayotoka humo itauzwa kwetu kana kwamba miili ni mmoja.

Kwa jirani zetu wa Tanzania hali ilipimwa wazi. Katika wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, uchunguzi uliotolewa mwaka 2008 ulipita katika watu 161,071 na kukuta wagonjwa 33. Zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wameambiwa kamwe ugonjwa wao ni nini. Mtu wa namna hiyo hawezi kuingia katika jaribio lolote, hata lingeletwa mlangoni pake.

Ajabu ni kwamba levodopa imo katika mbegu za upupu, ule ule uwashao doria vichakani. Huko Bolivia, mwaka 2017, unga wa mbegu zilizokaangwa uliwapa wagonjwa 18 nafuu iliyolingana na ile ya vidonge. Waliporudia kwa majuma kadhaa na wagonjwa 14, nusu waliacha njiani: wengine kwa kuchafukwa na tumbo, wengine kwa mwendo wao kuharibika. Hata hivyo wachunguzi hawakuitupa mbegu hiyo, kwa kuwa katika nchi nyingi maskini vidonge havifiki hospitali za wilaya, na vikifika, bei yake humshinda mwenye pensheni.