Wasifu wa Mwalimu Uandikwe Angali Hai

Katika misiba mingi ya hapa Mbezi Luis, Dar es Salaam, kabla ya kwenda kuzika, husomwa wasifu wa marehemu. Akifariki mwalimu mstaafu, tunasikia kwamba alizaliwa, akaajiriwa, akafundisha "shule mbalimbali", akastaafu, ameacha watoto na wajukuu. Shule mbalimbali! Utumishi wa miaka arobaini umekwisha kwa maneno mawili, kwa kuwa wasifu umeandikwa usiku wa matanga, huyu akisema mama alianzia Njombe, yule akibisha kuwa ni Songea.

Kosa hilo ni letu sisi tulio hai.

Wengi wa mama zetu hawa walimu walizaliwa kikazi na Azimio la Musoma. Novemba 1974 TANU iliazimia kwamba ifikapo mwisho wa 1977 kila mtoto aliyefikia umri wa shule awe darasani. Walimu wa kutosha hawakuwapo. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakafundisha huku wakijifunza ualimu kwa redio na kwa njia ya posta. Mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote ulijulikana kama UPE, na mpaka leo wapo watu wanaotamka "mwalimu wa UPE" kwa dharau. Waache! Binti aliyeshika chaki mwaka 1976 akiwa na miaka 18 alifikisha miaka 60 ya kustaafu mwaka 2018, na katikati ya safari hiyo alipokea mafuriko ya watoto baada ya ada ya shule za msingi kufutwa mwaka 2001. Nani atayasema hayo msibani, ikiwa hakuna aliyemuuliza?

Tena familia yake isiachwe nyuma. Barua ya uhamisho haikumhamisha mwalimu peke yake. Mume aliweza kubaki kituo kingine, watoto wakahama shule katikati ya muhula. Waliofundishwa na mama yao mzazi walisimama na kumwamkia "Shikamoo, mwalimu" kama wenzao, na pengine walichapwa kuliko wenzao, isije ikasemwa anapendelea. Na katika nyumba hiyo hiyo walilelewa watoto wa ndugu waliotafuta elimu. Wote hao ni sehemu ya kazi yake, nao watajwe.

Wastaafu wengi walijenga huku kidogo kidogo, Mbezi ikiwa bado mashamba, na bati wakaliezeka kwa kiinua mgongo. Tangu mwaka 2021 stendi kuu ya mabasi ya mikoani ipo hapa hapa. Watu waliofundishwa kusoma na mama hawa hushuka hapo na mizigo yao, wakapanda daladala kwenda mjini, wasijue kwamba mwalimu wao anaishi jirani.

Basi nanyi vijana, fungueni ile bahasha ya kaki yenye hati za mafao. Barua za ajira na za uhamisho zimo humo. Kaeni na mama, mwandike kila kituo kwa mpangilio wake, na mwaka, na aliofanya nao kazi. Kisha msomeeni mwenyewe, asahihishe. Nanyi walimu wakuu, orodha iliyobandikwa ofisini ina majina ya wakuu wa shule tu. Ongezeni ya walimu wa kawaida. Familia ikikamilisha wasifu, nakala moja ipelekwe shule aliyoanzia kazi, mama angali hai, ili wa huko nao waongeze wanayoyakumbuka.